Kanisa la Watu Watatu

Mtu akishapata uhuru, kitu cha kwanza anachokitafuta ni muhuri. Fundi Mihuri alilijua hili kuliko wasomi wote wa siasa, maana kwa miaka thelathini na moja watu waliojikomboa walipitia kibandani kwake, ng'ambo ya barabara mbele ya mahakama. Walikuja wa vyama vilivyojitenga na vyama, wakaja wa makanisa, wakaja wanakwaya waliogombana na makanisa, na mwaka mmoja kikaja chama cha kuzikana ambacho wanachama wake walikuwa hawasalimiani. Walifika wanatokwa jasho, wana furaha ya watu waliotoka jela. Bendera ingesubiri, ofisi ingepatikana, lakini barua isiyo na muhuri hata mbwa haiogopi.

Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe, pamoja na meza, kioo cha kukuzia maandishi na wembe wa kuchongea mpira. Herufi za muhuri huchongwa kinyume, kwa hiyo mwanamke huyu alisoma kinyume kwa wepesi kuliko majirani zake walivyosoma sawasawa. Mumewe alimwachia pia sharti moja. Muhuri mpya hauchongwi bila barua yenye muhuri wa zamani. Na kama ni wa kwanza kabisa, lazima uletwe muhtasari wa mkutano wenye saini za waliokubaliana. Sharti hilo halikuwa sheria ya nchi. Marehemu alijitungia mwenyewe baada ya kulala mahabusu siku nne kwa kuichongea muhuri shule ambayo haikuwapo.

Fundi Mihuri hakulipindisha hata mara moja. Alikuja mgombea binafsi, suti imepigwa pasi mpaka mikunjo inatisha, akataka muhuri wa kampeni.

"Muhtasari uko wapi?" Fundi akamuuliza.

"Mama, mimi ni mgombea binafsi. Niko peke yangu."

"Basi kaa kikao."

Yule bwana akaketi kwenye benchi na karatasi, akakaa kikao. Kilichukua kama robo saa, na inaelekea kulikuwa na mabishano, kwa sababu alifuta mistari miwili. Mwisho akaleta muhtasari: waliohudhuria, mmoja, waliotoa udhuru, hakuna, agenda, muhuri, imeamuliwa kwa kauli moja. Fundi akaupitia kwa kioo, akaona hauna kasoro, akachukua wembe. Kwenye uchaguzi mgombea alipata kura mia moja na kumi, akasema angalau zote zilikuwa zake.

Huyo ndiye Fundi Mihuri. Mkaidi, ndiyo, na anajijua. Lakini ukaidi wake ulikuwa haujawahi kumgusa mtu wake wa karibu, mpaka kanisa lake lenyewe lilipopasuka.

Kanisa hilo lilianzishwa na baba yake na wanaume wengine kumi, mwezi uleule nchi ilipopandisha bendera yake. Walikuwa wamechoka kuletewa wachungaji kutoka makao makuu kama watu wanavyoletewa barua, hawaulizwi kama wanazitaka. Wakatoka. Baba, ambaye alikuwa karani na alipenda vifungu kuliko chakula, akaandika katiba ya kurasa mbili. Kifungu cha kwanza kilisema hakuna mamlaka yoyote duniani juu ya kanisa hili ila waumini wake wenyewe. Kifungu cha nne kilisema waumini watakaokutana langoni baada ya tangazo la siku saba, hao ndio kanisa, na watakaloliamua halirudiwi mpaka mkutano mwingine uliotangazwa vivyo hivyo. Idadi ya waumini hao haikutajwa. Waanzilishi walikuwa kumi na mmoja tu na waliona aibu kuiandika. Mwisho wa ukurasa wa pili yakafuata majina yao kumi na moja, na chini yake maneno manne: "pamoja na wake zao."

Sasa, miaka yote hiyo baadaye, walikuwepo Mwalimu na Mwenye Bucha. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha lakini hakuwa amestaafu kusahihisha. Mwenye Bucha alikuwa na duka la nyama na moyo mwema, na alichoka kuona paa la kanisa linavuja na wachungaji wanakimbia. Akapendekeza wajiunge na dayosisi fulani, wawe chini ya askofu kama watu wengine.

"Uhuru maana yake ni kuchagua," alisema Mwenye Bucha. "Tukichagua kutawaliwa, huo nao ni uhuru wetu."

"Uhuru hauna likizo," alijibu Mwalimu.

Kila mmoja alikuwa na hoja, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu mwenye hoja harudi nyuma. Waliugombania muhuri wa kanisa mezani mpaka ukapasuka katikati, kila upande ukaondoka na nusu. Upande wa Mwalimu ukafunga lango kwa kufuli. Kesho yake upande wa Mwenye Bucha, badala ya kuvunja kufuli, ukaongeza ya kwake. Mchungaji akasema amepata wito kwingine na akaondoka na basi la asubuhi. Tangu hapo, kila Jumapili, kundi moja lilisali chini ya turubai kushoto mwa lango na jingine kulia, wakiimba nyimbo zilezile, na kila kundi likihakikisha linaanza kabla jingine halijamaliza.

Hayo Fundi Mihuri angeyavumilia. Amewaona wengi. Lakini makaburi yalikuwa nyuma ya kanisa, ndani ya lango hilo lenye kufuli mbili, na mama yake alikuwa anakufa.

Mama alikuwa na miaka themanini na sita, mke wa mwisho kati ya wale "wake zao" aliyekuwa bado hai. Alilala chumba cha nyuma nyumbani kwa Fundi, miguu imevimba, na daktari alikuwa amesema moyo umechoka, akafunga mkoba. Baba alizikwa mstari wa mbele, safu ya waanzilishi, na pembeni yake ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Fundi alikuwa ameiona nafasi hiyo kila Jumapili kwa miaka kumi na minne. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake alale pale, na wazo kwamba angeweza kwenda kumzika kwenye makaburi ya manispaa kati ya watu asiowajua lilimnyima usingizi.

Akaenda kwa ofisa wa mtaa kuomba lango lifunguliwe.

"Nileteeni barua ya kanisa yenye muhuri mzima, nitaamuru kufuli zikatwe leo hii," ofisa akasema. "Nimeshaletewa nusu mbili. Nusu muhuri siitambui."

"Muhuri ninauchonga mimi, mwanangu."

"Basi mama, tatizo lako dogo."

Lilikuwa kubwa, kwa sababu mwenye sharti alikuwa yeye. Muhuri wa zamani ulikuwa umekufa, kwa hiyo mpya ulihesabiwa kuwa wa kwanza. Mwalimu alikuja kibandani na muhtasari wenye saini tisini na nane. Mwenye Bucha akaja jioni ileile na muhtasari wenye saini mia moja na mbili. Fundi akaziweka karatasi sambamba chini ya kioo akakuta watu thelathini na moja wametia saini kote kuwili. Wengine walikuwa na mwandiko mzuri zaidi upande wa pili, walikuwa wameshazoea.

"Wewe ni binti wa mwanzilishi," Mwalimu akamwambia. "Unajua ukweli uko wapi."

"Najua. Lakini tangazo langoni liko wapi? Mlikutana ukumbi wa shule, na mwenzako alikutana uani kwake. Siku saba hazikutangazwa. Huu ni mkutano wa marafiki, siyo wa kanisa."

"Mama yako mgonjwa na wewe unatuhesabia siku!"

Hilo lilimchoma. Angeweza kuchonga siku ileile, kwa yeyote kati yao, na lango lingefunguka. Alirudi nyumbani amejikunyata, akamsimulia mama yake yote huku anamkanda miguu. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Katiba inasema watu wangapi?" akauliza.

"Haisemi, Mama."

"Baba yako alisahau?"

"Waliona aibu."

Mama akafumbua macho. "Sasa sisi tuna aibu gani?"

Fundi akaacha kukanda. Alimkumbuka yule bwana wa suti kwenye benchi, na hapohapo akapata dawa. Asubuhi yake, Jumamosi, akaandika tangazo kwa herufi kubwa, akalibandika langoni katikati ya kufuli mbili: mkutano wa waumini wote, Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, hapahapa. Akaweka na mawe manne mbele yake ili watu wasiegemeze baiskeli juu ya karatasi.

Pande zote mbili zililisoma. Zilikaa vikao kulijadili. Upande wa Mwalimu ukaamua kutohudhuria, kwa sababu kuhudhuria ni kukubali kwamba kuna mgogoro. Upande wa Mwenye Bucha ukaamua kutohudhuria, kwa sababu huenda upande wa Mwalimu ungehudhuria. Kwa hiyo watu mia moja sitini na tisa, ambao kila mmoja alikuwa tayari kufa kupona kwa ajili ya kanisa lake, Jumamosi hiyo walibaki majumbani kwa msimamo.

Walifika wanawake watatu. Fundi Mihuri alikuja na daftari. Mama aliletwa juu ya mkokoteni wa muuza maji, amelazwa kwenye godoro, kajifunika khanga mbili. Wa tatu alikuwa Mfagiaji, bibi wa miaka sabini aliyelifagia kanisa hilo bila kuajiriwa wala kufukuzwa, na ambaye kwa miezi mitano alikuwa anafagia nje ya lango kwa kuwa mikono haikujua kitu kingine cha kufanya Jumamosi.

Ilipogonga saa nne kamili Fundi akafungua mkutano. Agenda ya kwanza ilikuwa muhuri. Wakakubali wote watatu. Ya pili ilikuwa barua kwa ofisa wa mtaa. Wakakubali wote watatu.

"Ya tatu," Fundi akasema, "kwamba Mama, Mungu akimwita, azikwe safu ya mbele pembeni ya Baba. Wanaokubali?"

Akanyoosha mkono. Mfagiaji akanyoosha wa kwake. Fundi akaandika wawili, na kwa mazoea tu, maana ndivyo muhtasari unavyotaka, akauliza: "Wanaopinga?"

Chini ya khanga mbili kitu kikatikisika. Mkono wa Mama ukatoka, ukapanda polepole, ukasimama hewani.

"Mama?"

"Andika. Mmoja anapinga."

"Mama, wewe hutaki kulala na Baba?"

"Baba yako alikuwa mtu mwema. Sikatai. Lakini alikuwa anaongea." Mama akapumua. "Miaka hamsini na miwili nimekaa safu ya mbele, mimi kimya, yeye anaongea. Alipotoka kanisa la kwanza akaniambia tumetoka. Nikauliza tumekwenda wapi. Akasema tuko huru. Nikaenda kupika. Sasa unataka kunirudisha safu ileile, milele?"

Mfagiaji akajikohoza na kutazama mbali.

"Unataka wapi, Mama?"

"Nyuma. Pale kwenye bomba la maji. Wanaume walipokuwa wanakutana ndani, sisi tulikaa pale kuwasubiri. Mimi na mama yake huyu," akamwonyesha Mfagiaji kwa kidevu, "na wenzetu. Tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma. Walikuwa wanatuma mtu kutunyamazisha. Nizikeni pale."

Fundi Mihuri alitazama daftari. Wawili wanakubali, mmoja anapinga. Kifungu cha nne kilikuwa wazi, lililoamuliwa halirudiwi mpaka mkutano mwingine wa siku saba. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Maisha yake yote alikuwa anapanga mahali pa kumlaza mwanamke huyu na hakuwahi kumuuliza.

"Naweza kufuta," akasema kwa sauti ndogo. "Hakuna aliyeona."

"Usifute! Mwalimu atakuja na kioo kukagua, kanisa lote lirudi nyuma ya kufuli." Macho ya Mama yalikuwa yanang'aa, na ajabu ni kwamba hakuonekana na huzuni hata kidogo. "Nimeshindwa kihalali. Ni mara yangu ya kwanza kushindwa, maana zamani sikushindana. Bandika tangazo jingine. Siku saba ni ngapi? Nitasubiri."

Wakabandika palepale. Alasiri ile Fundi alichonga muhuri, na Jumatatu akaupeleka kwa ofisa pamoja na muhtasari na katiba. Ofisa akasoma, akahesabu saini, akahesabu tena.

"Watatu?"

"Kifungu cha nne hakisemi idadi."

Ofisa alitafuta idadi mbele na nyuma ya karatasi, hakuiona, akagonga muhuri wake juu ya muhuri wao. Jumanne kufuli zote mbili zilikatwa. Mwalimu na Mwenye Bucha walikuja kushuhudia, kila mmoja kaokota kufuli yake. Walikuwa na hasira ya watu walionyang'anywa kanisa na vikongwe wawili na mchonga mpira, lakini hawakuwa na pa kulalamikia, kwa sababu juu ya kanisa hakukuwa na mamlaka, na kanisa lilikuwa kwenye kibanda mbele ya mahakama linakula chakula cha mchana.

Mama alisubiri siku tano. Alhamisi alfajiri Fundi alimpelekea maji, akamkuta ameshaondoka, uso umetulia, mkono mmoja uko nje ya shuka. Fundi akaketi sakafuni akalia kwa sauti, kama mtoto, mpaka majirani wakaamka. Mazishi yakapangwa Jumamosi, saa nne, siku na saa ya mkutano, kwa kuwa hapakuwa na siku nyingine ambayo ndugu wote wangefika.

Safari hii hakuna aliyebaki nyumbani kwa msimamo. Walikuja wote. Jeneza lilisimama kivulini mwa ukuta, kwaya mbili zilijipanga moja baada ya nyingine, na Mwalimu na Mwenye Bucha wakajikuta bega kwa bega mbele ya safu ya waanzilishi. Fundi alifungua mkutano, kwa sababu tangazo lilikuwa langoni na siku zimetimia. Akawaeleza mama yake aliomba nini na wapi, na jinsi alivyoshindwa kura wawili kwa mmoja, mmoja wa wale wawili akiwa yeye mwenyewe.

Mwalimu akasimama. Alikuwa analia kweli, hilo lazima lisemwe. Alisema mke wa mwanzilishi hawezi kuwekwa nyuma kwenye bomba kama ndoo. Ni heshima gani hiyo? Akatoa hoja azikwe safu ya mbele, pembeni ya mumewe. Mwenye Bucha akafuta macho, akaunga mkono hoja. Mikono ikapanda kushoto na kulia, msitu mzima wa mikono. Tangu mgogoro uanze walikuwa hawajawahi kukubaliana kuhusu jambo lolote, hata saa. Watu walianza kutazamana kwa upole, kuna waliokumbatiana. Kanisa lilikuwa limepona.

"Wanaopinga?" Fundi akauliza.

Akanyoosha mkono wake. Mfagiaji akanyoosha wa kwake. Wawili.

Fundi Mihuri akaandika hesabu hiyo kama ilivyo, kwa mwandiko wake wa kawaida. Akafunga daftari, akampa Mfagiaji alishike. Kisha akawapita wote, akapita jeneza, akaenda nyuma mpaka kwenye bomba, ambako mchimba kaburi alikuwa ameegemea chepe akisubiri kuambiwa ni wapi.

"Hapa," akamwambia, na akachora mstari ardhini kwa kisigino.

Kanisa zima likamfuata. Mwalimu alifika wa kwanza, anahema.

"Dada yangu, kanisa limeamua. Umeandika mwenyewe. Hakuna mamlaka juu ya kanisa, hicho ni kifungu cha kwanza, na baba yako ndiye aliyekiweka."

"Nakijua."

"Sasa unachimba kwa mamlaka ya nani?"

Mwenye Bucha akatikisa kichwa kumuunga mkono. Wote walingoja kifungu. Walimjua mwanamke huyu, walijua lazima anacho, alikuwa nacho siku zote. Fundi Mihuri alifungua mdomo akakuta hana. Mvumo wa maji ulisikika ndani ya bomba.

"Nimempigia mama yangu kura ya kumpinga mara moja," akasema. "Inatosha."

Mchimba kaburi akamtazama Mwalimu, akamtazama yeye. Akatema mate viganjani, akaanza kuchimba.